Na Kama X ni Hasi?

Shuleni ilikuwa mwiko kumwita Baba. Walikubaliana hivyo siku ile ile alipokabidhiwa vipindi vya hesabu vya kidato cha tatu: wakishavuka geti, yeye ni Mwalimu na binti ni mwanafunzi kama wengine, hakuna cha baba wala mwana. Nyumbani mambo yaligeuka. Jumapili, vyombo vikishaondolewa, meza ya chakula ilifutwa, binti akakaa kichwani mwa meza na baba mtu mzima akavuta kiti cha pembeni, kalamu ya risasi imechongwa vizuri.

"Haya, mwalimu wangu," baba alikuwa akisema. "Tuanze."

Baba alisomea jiografia, na katika jiografia hakuwa na mpinzani. Wanafunzi walimwita Ramani, jina alilolijua na kulipenda kimyakimya. Lakini mwalimu wa hesabu alipokwenda likizo ya uzazi, mwalimu mkuu, mwanamke asiyetaka kusikia neno "haiwezekani", alimwita ofisini akamwambia kwamba mtu anayejua mistari ya latitudo hawezi kushindwa na x. Ramani hakujua kukataa, hiyo ndiyo kasoro yake kubwa duniani. Alitoka ofisini ameshakubali, ndipo akakumbuka kwamba yeye na hesabu waliachana zamani, tena kwa ugomvi.

Bahati yake, au tuseme alidhani ni bahati yake, nyumbani kulikuwa na Kikokotoo. Hilo ndilo jina wenzake darasani walilompa binti, kwa sababu mwalimu akiwa bado anaandika swali, yeye jibu analo. Tusimfiche: kichwa kilikuwa kimeanza kumvimba. Alikuwa mtoto mzuri, anaosha vyombo bila kutumwa, anamsomea bibi yake maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Ila kwenye hesabu alikuwa na mdomo. Mwenzake akichelewa kuelewa, yeye huvuta pumzi kwa sauti na kutazama dari.

Jumapili hiyo walikuwa kwenye hesabu za kutolingana, zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Bibi, mama yake Ramani, alikaa karibu na mlango akichambua maharage kwenye ungo, kwa madai kwamba pale kuna mwanga mzuri. Ukweli ni kwamba hakuna kitu kilichomfurahisha kama kumwona mwanawe anafundishwa.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, "huyo mwanafunzi wako mchape kidogo. Mimi nilimdekeza."

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kikokotoo alieleza kwamba mbili ni ndogo kuliko tano, lakini ukizidisha pande zote kwa hasi moja, alama lazima igeuke, kwa sababu hasi mbili ni kubwa kuliko hasi tano. Baba alifikiri kidogo, uso ukamchangamka.

"Kama nyuzi za baridi! Hasi tano ni baridi kali kuliko hasi mbili. Kwa hiyo ukivuka sifuri, kila kitu kinajipanga kinyume."

"Hiyo hiyo, Baba. Sasa tazama hili." Akaandika: 6/x > 2. "Hili ni jepesi. X iko chini, tunaizidisha pande zote. Inabaki sita ni kubwa kuliko x mbili. Gawa kwa mbili. X ni ndogo kuliko tatu. Kwisha."

Baba alinakili kila mstari. Kisha kalamu ikasimama.

"Ngoja kwanza. Na kama x ni hasi?"

"Kivipi?"

"Si umesema sasa hivi ukizidisha kwa hasi alama inageuka? Sasa hapa umezidisha kwa x. Na mimi huyu x simjui. Anaweza kuwa hasi."

Lilikuwa swali zuri. Lilimgusa Kikokotoo mahali fulani, likamkereketa kama kijiwe ndani ya kiatu. Angelitulia nalo kidogo, angelipata jibu. Lakini sura hiyo kitabuni hakuisoma. Aliifunua tu, akaona ni milinganyo ile ile iliyowekewa mdomo badala ya alama ya sawasawa, akairuka. Na neno "sijui" mbele ya baba yake halikuwahi kumtoka kinywani. Akavuta pumzi kwa sauti, akatazama dari.

"Baba, x ni x tu. Wewe umeona alama ya kutoa hapo? Usiniletee ramani kwenye hesabu."

"Mimi nilidhani x anaweza kuwa yeyote..."

"Fuata nilivyoandika. Ukianza kuuliza maswali yasiyokuwepo kesho utaaibika."

Bibi aliinua macho kutoka kwenye ungo. "We mtoto. Huyo ni baba yako."

"Saa hizi ni mwanafunzi wangu, Bibi."

Wakacheka wote, na baba akacheka kuliko wote. Pembeni ya swali alikuwa ameandika kwa herufi ndogo "na kama hasi?" Akachukua ufutio akayafuta maneno hayo taratibu, akapuliza vumbi lake pembeni ya meza.

Jumatatu mkaguzi wa shule aliingia darasani bila kubisha. Alikuwa mwanamume aliyepandisha miwani kwenye paji la uso na kuisahau huko. Akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati la msichana waliyemwita Kobe. Kobe naye tumtaje vizuri, maana bila yeye tusingefika popote. Wenzake wakimaliza ukurasa mzima yeye yuko swali la pili, kwa sababu haamini jibu mpaka achukue namba, aiweke mahali pa x na kuona kwa macho yake kama inakaa. Kikokotoo ndiye aliyempa jina hilo.

Ramani alifundisha vizuri siku hiyo. Alileta habari za nyuzi za baridi, akachora mstari wa namba ubaoni kote kama njia ya reli, darasa likachangamka mpaka wavivu wakanyoosha mikono. Kikokotoo, kwenye dawati la mbele, alijiona kama mpishi anayetazama wageni wakila. Kila neno zuri lilitoka kwenye meza yao ya chakula. Kisha baba akaandika 6/x > 2, akashuka mstari kwa mstari kama alivyoelekezwa, akapigia mstari jibu: x < 3.

Mkono ukainuka nyuma.

"Mwalimu, nimeweka hasi moja," alisema Kobe. "Ni ndogo kuliko tatu. Lakini haikai."

"Hebu tuone," alisema Ramani, bado anatabasamu. Akaandika. Sita gawanya kwa hasi moja, hasi sita. Je, hasi sita ni kubwa kuliko mbili?

Akajaribu hasi mbili. Akajaribu hasi tatu. Kila namba aliyoiweka ilimkatalia, na zilikuwa nyingi zisizo na mwisho, zote za upande ule wa kushoto wa mstari wa namba alioupaka chaki kwa mbwembwe muda mfupi uliopita.

"Ramani kapotea!" sauti ilitoka katikati ya darasa.

Darasa likaangua kicheko. Na Kikokotoo akacheka. Hakuna aliyemlazimisha. Alihisi tu kwamba wenzake wanamtazama yeye, mtoto wa mwalimu, wanamsubiri aamue yuko upande gani, na mdomo wake ukaamua kabla yake. Baba alikuwa amegeuka wakati huo huo. Alimwona.

Mkaguzi alisimama. "Mwalimu, njia hii umeitoa wapi? Kwenye kitabu haipo."

Sasa atanitaja, Kikokotoo alijiambia. Baba alitazama dirisha, akatazama chaki, akatazama mlango. Dawati la mbele hakulitazama hata kidogo.

"Ni yangu," alisema. "Nimekosea."

Kuna watu wamejaliwa elimu wakanyimwa adabu. Mkaguzi angeweza kumwita mwalimu nje, wakazungumza watu wazima wawili. Badala yake alisema pale pale, mbele ya watoto, kwamba atarudi kesho yake kipindi cha kwanza. Na somo lisiporekebishwa, atamshauri mwalimu mkuu amvue vipindi, na sababu ataieleza kwenye kikao cha walimu wote. Ramani aliitikia "Sawa, mkuu" kwa sauti ya mtu aliyetumwa dukani. Mvuliwa nguo huchutama.

Wakati wa mapumziko walimzunguka Kikokotoo.

"Kwani wewe hukuona?"

Hapo ndipo angeweza kuyamaliza. Sentensi moja tu. Lakini aibu ya wazi ni nzito kubeba, na uongo ulikuwa karibu, mwepesi, umeiva.

"Niliona tangu mwanzo," alisema, akainua mabega. "Nilimwonea huruma tu."

Wakamsifu. Yaani Kikokotoo ni Kikokotoo. Kobe peke yake hakusifu. Alikuwa anamalizia kufuta dawati lake, akasema bila ubaya wowote, "Ungemwambia basi. Si baba yako?"

Kikokotoo alienda chooni akafungua bomba, akasimama akitazama maji yanavyotoka. Alitamani ardhi ipasuke. Kilichomtesa hakikuwa lile kosa la hesabu. Kilikuwa ile sekunde baba alipogeuka akamkuta anacheka.

Alirudi nyumbani mapema, akafungua kitabu kwenye sura aliyoiruka. Jibu lilikuwa pale pale, ukurasa wa pili, kwa herufi nzito: usizidishe kwa kitu usichokijua alama yake. Ligawe swali katika hali mbili. Kama x ni chanya, alama inabaki. X inakuwa kati ya sifuri na tatu. Kama x ni hasi, alama inageuka, na unajikuta unadai namba hasi iliyo kubwa kuliko tatu, kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo upande wa hasi hauna jibu hata moja. Swali la baba yake, neno kwa neno, limechapwa kitabuni.

Baba aliingia jioni, akabadili shati lenye vumbi la chaki. Kikokotoo alisubiri agombezwe. Aliomba agombezwe. Badala yake akasikia kitambaa kinafuta meza, ingawa ilikuwa Jumatatu, na kiti cha pembeni kinavutwa.

"Mwalimu wangu," baba aliita. "Njoo kidogo. Nadhani jana sikukuelewa vizuri. Pale kwenye x, ulisemaje?"

Hakuwa anamtega. Angekuwa anamtega ingekuwa nafuu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejilaumu kweli kweli. Alikuwa ametembea njia nzima akitafuta ni wapi yeye, na si mtoto wake mwenye akili, alipokosea.

"Eeh, Baba," alisema Kikokotoo, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza jinsi ilivyokuwa tulivu. "Hukunielewa. Nilisema kama hujui x ni chanya au hasi, unaligawa swali katika hali mbili." Akamweleza yote, kama kitabu kilivyosema, kama kwamba alishayasema jana.

Baba akajipiga paji la uso. "Kumbe! Na mimi nikakazana kunakili tu. Samahani, mwanangu. Nimekuaibisha mbele ya wenzako."

Bibi, pale mlangoni, aliacha kuchambua maharage. Alisubiri mwanawe atoke kwenda kuoga.

"Mimi hesabu sijui," alisema akiutikisa ungo. "Lakini masikio ninayo."

"Bibi..."

"Usinieleze mimi. Mimi sikukosewa."

Chakula cha jioni Kikokotoo hakukigusa. Baba akadhani ni homa, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamwambia alale mapema.

Jumanne, mkaguzi alikuwa ameshakaa kabla kengele haijalia, miwani iko pale pale kwenye paji la uso. Mwalimu mkuu naye alisimama mlangoni mikono kifuani. Ramani aliingia, akaweka chaki mezani, na badala ya kuandika akageukia darasa.

"Kabla ya somo," alisema, "nina deni la maneno. Jana niliwafundisha kosa. Nataka mjue hesabu sikuisomea, na kuna mtu ananisaidia kuandaa masomo. Mtu huyo alinielekeza sawasawa kabisa. Mimi ndiye sikumwelewa. Kwa hiyo msimtafute wa kumlaumu, ni mimi."

Alikuwa ameubeba. Uongo wa binti yake, ule wa mezani, aliuchukua kama ulivyo, akauleta shuleni, akausimamia mbele ya mkaguzi na mwalimu mkuu kwa uso safi wa mtu anayesema kweli. Kikokotoo alihisi masikio yanawaka. Alijikuta amesimama, na hakukumbuka kuamua kusimama.

"Baba," alisema.

Darasa zima lilishtuka. Neno hilo halikuwahi kusikika ndani ya chumba kile.

"Si kweli, Baba. Ulinielewa. Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya."

Mkaguzi akashusha miwani, safari hii ikafika kwenye macho.

"Mwalimu, kumbe unafundishwa na mwanao?"

"Ndiyo," alisema Ramani bila kupepesa. "Kila Jumapili. Na ana uvumilivu kuliko walimu wote walionifundisha."

Hilo nalo halikuwa kweli, na ndilo lililomchoma binti kuliko yote. Machozi yakaanza bila ruhusa.

"Sasa wewe mtu mzima," mkaguzi aliendelea, "ulipewa kitu kama kile ukanakili tu? Hukuuliza hata swali?"

Ramani alinyamaza. Alikuwa na jibu, kila mtu mezani siku ile alilisikia, lakini alinyamaza nalo, na bintiye akaelewa kwamba atanyamaza nalo mpaka kesho kutwa kuliko kulisema.

"Aliuliza," alisema Kikokotoo. "Aliuliza kabla ya Kobe. Alisema, na kama x ni hasi? Mimi nikamwambia asiniletee ramani kwenye hesabu. Nikamwambia afuate nilivyoandika. Na jana hapa nilicheka. Na wakati wa mapumziko nikawaambia wenzangu nilijua. Sikuwa najua."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Rafiki zake waliomsifu walikuwa wanatazama madawati yao, na mwalimu mkuu mlangoni akashusha mikono kutoka kifuani.

Mkaguzi alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaonekana kama mtu aliyeambiwa bei asiyoitarajia. "Mtu aliyeuliza swali hilo peke yake," alisema hatimaye, "mimi simvui darasa." Akatazamana na mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. "Somo liendelee."

Kikokotoo alidhani ataambiwa akae. Alitaka kukaa, alitaka kukaa sana, hata chini ya dawati. Baba alimjia mpaka dawatini, akamnyooshea chaki.

"Nenda ukalirekebishe," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi naona utalieleza vizuri."

Kisha akafanya jambo ambalo darasa lile lililisimulia mpaka lilipomaliza shule. Alikaa kwenye nafasi ya binti yake, dawati la mbele, magoti hayaenei, akachukua kalamu yake ya risasi na kipande cha karatasi.

Kikokotoo aliandika 6/x > 2. Akaandika chini yake: x ni chanya. Akazidisha, akagawa, akafika kwenye tatu, akachora kipande kifupi cha mstari kutoka sifuri. Kisha akaishusha chaki kabla ya kumaliza.

Nyuma yake akasikia dawati linalia. Akageuka. Baba alikuwa ameinua mkono, kidole juu, kama wanafunzi wengine, anasubiri aitwe.

"Ndiyo," alisema Kikokotoo, akitazama sakafu.

"Mwalimu," alisema baba yake. Hapakuwa na kejeli ndani yake, wala kisasi. Ilikuwa sauti ile ile ya Jumapili, ya mtu anayetaka kujua. "Na kama x ni hasi?"

"Ni swali zuri," alisema binti, maneno ambayo hakuwahi kumwambia. Akageukia ubao haraka ili uso wake asiuone mtu, akaandika upya tangu mwanzo, na safari hii akaigeuza alama.